Ndiyo na Hapana

Kanisani kwetu imani husikika. Mchungaji akisema neno la ibada, tunaitikia. Tunasimama na kukiri Imani kwa pamoja, tunaomba Sala ya Bwana kwa pamoja, na mwisho wa kila ombi tunasema Amina. Mtoto akifikia umri, tunampeleka darasa la kipaimara. Huko anakariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana pamoja na maelezo ya Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, kisha anasimama mbele ya usharika na kujibu maswali. Kipimo chetu ni sauti. Kwa hiyo kuna swali ambalo hutukuta hatujajiandaa: vipi kuhusu Mkristo asiyeweza kutamka hata neno moja?

Mimi swali hilo lilinikuta kazini. Ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Kanisa lina historia ndefu katika kazi hii huku kwetu. Pale Irente kuna shule ya Kilutheri ya watoto wasioona, na chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilipoanza Lushoto mwaka 2007 kilijulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo kitengo chetu ni chumba kimoja tu chenye madirisha mawili, na watoto wake wamekusanyika humo kwa sababu za namna nyingi: kuona, kusikia, viungo, usonji, akili.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumiwa na makarani wa sensa. Nami nikapata kimoja. Kifaa kile kilikuwa kimekwisha kupita nyumba kwa nyumba kikihesabu watu. Nilijiuliza kingeweza kufanya nini kwa watoto ambao wamehesabiwa, lakini bado hawajasikilizwa.

Kilifanya mengi, na niyaseme wazi ili msomaji asidhani nazungumzia miujiza. Tuna binti mwenye ualbino ambaye uoni wake ni hafifu. Kitabu cha kawaida anakishika hadi pua inagusa karatasi, na mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Kwenye kishikwambi tulikuza herufi, tukageuza rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi, naye akasoma akiwa amekaa wima kama wenzake. Tuna kijana mwenye usonji ambaye kila badiliko la ratiba lilikuwa vita. Sasa anaona siku yake kwa picha zilizopangwa: uji, hesabu, mpira, kunawa, nyumbani. Anagusa picha ya jambo lililokwisha, anaona linalofuata, anatulia. Kwa mtoto kiziwi tunaweka video za lugha ya alama, naye anazirudia mara kumi bila kumchosha mtu.

Mipaka nayo ipo. Umeme hukatika. Kioo ni kimoja na mikono ni mingi. Mtoto anaweza kugusagusa picha saa nzima akifurahia milio tu bila kujifunza kitu, kama mwalimu hayupo karibu.

Mkoa wetu umewahi kushuhudia jambo hili kwa ukubwa. Kati ya mwaka 2017 na 2019, vijiji vipatavyo 170 vya Tanga vilikuwa uwanja wa shindano la kimataifa la XPRIZE. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kila kijiji kikawekewa mahali pa kuvichaji kwa nguvu ya jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja, na baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na pia linatukumbusha kwamba nusu nyingine walikuwa bado wanamhitaji mwalimu.

Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya programu mbili, Kitkit School na onebillion. Aliyeanzisha Kitkit School ni Sooinn Lee, mama kutoka Korea Kusini aliyekuwa akibuni michezo ya kompyuta. Aliingia katika kazi ya masomo baada ya kujifungua mtoto mwenye mahitaji maalumu na kuona kwamba hakuna kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto kama wake. Kazi iliyoanza kwa ajili ya mmoja aliyeachwa pembeni ilifika hadi vijiji vyetu, ikafundisha watoto wasiokuwa na ulemavu wowote. Wanaosoma Injili hawatashangaa kwamba neema huanzia huko. Nchini Malawi, watafiti wakiongozwa na Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham walizitazama programu za onebillion zikitumiwa na watoto wenye mahitaji maalumu. Watoto hao walijifunza, ila kwa mwendo wa polepole kuliko wenzao. Mwalimu yeyote wa kitengo angekuambia hivyo hivyo. Wanafika, lakini lazima mtu akubali kuwasubiri.

Sasa nije kwa mtoto mmoja. Jina lake silitaji, kwa maana bado anaishi kati yetu na ana haki ya kusimulia habari zake mwenyewe. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo. Majirani walisema mengine. Shingo yake haitulii, mikono yake huenda upande asioukusudia, na ulimi haumtii. Lakini ukisimulia kichekesho darasani, yeye ndiye wa kwanza kucheka, wakati wenzake bado wanawaza.

Kabla ya kishikwambi tulitumia kadi za picha. Aliangalia kadi aliyoitaka, nasi tukafuata macho yake. Kadi ni nzuri na hazihitaji chaji, ila msikilizaji lazima awe mbele yake, anamtazama. Akikupa mgongo, mazungumzo yamekwisha. Kishikwambi kilimpa uwezo wa kumwita mtu aliyegeuka.

Kukiandaa hakukuwa kazi ya siku moja. Picha zilizokuja na programu zilikuwa za kigeni: mikate ya vipande, theluji, basi la njano. Tukapiga zetu: makande, mchicha, bomba la shule, choo cha shule, bodaboda ya mjomba wake. Kwa kuwa mkono wake ulitetemeka na kugusa picha tatu kwa mpigo, fundi seremala wa mtaani alitutengenezea fremu ya plaiwudi nyembamba yenye matundu, kila tundu juu ya picha moja. Mkono ukiteleza, unatelezea juu ya ubao, kisha kidole kinazama kwenye tundu. Tukarekebisha pia mpangilio wa kifaa ili mguso wa bahati mbaya usihesabike mpaka kidole kikae kidogo. Seremala alikataa malipo. Alisema tu, "Mwalimu, likipasuka niletee."

Likabaki suala la sauti. Mashine ilikuwa na sauti ya Kiswahili, lakini haikufanana hata kidogo na kijana wa Usambara. Tukamwomba binamu yake, wanaolingana umri, arekodi kila neno. Mama yake alipolisikia neno "Mama" likitoka kwenye kifaa kwa sauti ya mtoto wa ukoo wao, aliketi chini kwenye nyasi.

Tulianza na maneno sita: maji, chakula, choo, mama, ndiyo, hapana. Kwa wiki kadhaa alicheza nayo tu. Neno lake la kwanza la kukusudia lilikuwa "Hapana". Lilitoka nyumbani, asubuhi, mama yake alipomletea kikombe cha maziwa. Akafikiri mkono umeteleza. Akakileta tena. "Hapana." Mara ya tatu, "Hapana." Alikuja shuleni siku hiyo akicheka na kufuta machozi kwa upande wa kanga. "Mwalimu, kumbe hapendi maziwa! Miaka kumi na mmoja namnywesha maziwa kila siku, na yeye hayapendi!"

Wiki chache baadaye alikuja tena, safari hii bila kucheka. Kila Ijumaa alikuwa akimpeleka mtoto kwenye maombi mjini, mahali ambapo watu wengi humshika kichwa kwa pamoja na kukemea kwa sauti kubwa. Ijumaa ile, alipokuwa akimvalisha shati la kutokea, mtoto alibonyeza "Hapana" mara nyingi mfululizo. Huko kwenye maombi walimwambia kwamba anayekataa si mtoto, ni pepo.

"Mwalimu, nikuulize mbele za Mungu," akasema. "Ni mwanangu au ni pepo?"

"Mama, maziwa aliyakataa nani?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ni yeye. Baba yake naye hanywi maziwa."

Tukamwita mtoto, tukamuuliza taratibu, swali moja moja. Hutaki kuombewa? Hapana. Hutaki kwenda kule? Ndiyo. Unaogopa kelele? Ndiyo. Wanapokushika kichwa, unaumia? Ndiyo. Unataka mama akuombee nyumbani? Ndiyo. Mama yake alilia, na mimi nikatoka nje kidogo nikawaacha.

Mimi naamini katika maombi, na naamini Mungu huponya. Lakini nakumbuka kwamba katika Injili ya Yohana wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kwanza nani alitenda dhambi, na Bwana hakulikubali swali lao. Nakumbuka pia kwamba yule kipofu wa Yeriko, hali yake ikiwa wazi machoni pa watu wote, Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Alimuuliza kwanza, akasubiri jibu. Sisi mara nyingi humwombea mlemavu juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tangu siku ile, mama na mwana wanaomba pamoja jioni. Mtoto mwenyewe ndiye aliyetuelekeza, kwa maswali mengi ya ndiyo na hapana, kwamba anataka kitufe kipya. Tulipofikia "Amina", alicheka kwa mwili wote.

Alipofika umri wa kipaimara, mama yake alimwandikisha kama watoto wengine. Habari ikafika kwenye baraza la wazee wa kanisa, nami nikaitwa. Mzee mmoja, mtu mwema na mkweli, aliuliza lililokuwa mioyoni mwa wengi: "Mwalimu, tutajuaje kwamba ni yeye anayejibu? Isije ikawa tunabariki mashine, au tunakubariki wewe mara ya pili."

Swali lile halikuniudhi. Mtu asiye na sauti anaweza kusemewa na watu wanaompenda kiasi kwamba lake mwenyewe lisisikike kamwe. Nikaomba wamuulize jambo ambalo mimi silijui, na mtu yeyote asimguse mkono. Mwinjilisti, aliyekuwa amewatembelea nyumbani Jumapili iliyopita, akamuuliza: "Nilipokuja kwenu, nilimkuta nani, na nilipewa nini?" Tukasubiri. Kidole kilipita juu ya ubao, kikarudi, kikapita tena. Mzee mmoja akafungua kinywa kusaidia, mwenzake akamgusa goti anyamaze. "Bibi," kifaa kikasema. Tukasubiri tena, muda mrefu. "Ndizi." Mwinjilisti akacheka: "Ni kweli. Ndizi za kuchoma."

Mzee akakubali, lakini akabaki na lingine. Je, Imani inaweza kukiriwa kwa kitufe? Ndipo akasema mama mmoja wa baraza, mwenye umri kuliko sisi wote. "Huyu mtoto tulimbatiza hapa, mimi nilikuwepo. Siku ile hakuwa na neno hata moja, na wasimamizi wakajibu kwa niaba yake. Hakuna aliyehoji. Leo ana maneno yake, ndiyo tunataka kumkatalia?"

Mchungaji akafungua Luka sura ya kwanza, habari za Zakaria. Sote tunaijua: ulimi wake ulifungwa, mtoto akazaliwa, jamaa wakataka kumpa jina la baba yake. Mama akakataa, wakamgeukia baba kwa ishara. Zakaria akaomba kibao. Kibao cha siku zile kilikuwa mbao iliyopakwa nta, ikaandikwa kwa kijiti chenye ncha. Mchungaji akasema jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiri: wale jamaa hawakumcheka, wala hawakusema maandishi si sauti. Walimletea kibao, wakangoja, na alichoandika kilikuwa kinyume na walichotaka wao. Wakapokea.

Baraza likaamua kwamba atasoma miaka miwili kama wenzake, bila kupunguziwa. Nilifurahi kwa hilo. Huruma inayomsamehe mtu asijifunze humweka nje ya mlango kwa upole. Tukaongeza picha, zikawa ishirini na nne, kisha kurasa kadhaa: Mungu, dhambi, msamaha, maji ya ubatizo, mkate. Katikati ya mwaka wa pili sauti ya binamu yake ikavunjika, naye mwenyewe akadai tumrekodie upya, kwa maana hakutaka kuongea kama mtoto wakati ndevu zinamwota.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mmoja wa waandaaji alinifuata kwa nia njema kabisa. "Mwalimu, siku ile kanisa litajaa, na Dayosisi itatuma mgeni. Mkono wake unaweza kuteleza. Kwa nini usifunike tundu la Hapana, libaki la Ndiyo peke yake? Hata akigusa vibaya, itakuwa sawa."

Nililala nalo usiku ule, na asubuhi nikamjibu kwamba siwezi. Kijana huyu angeulizwa kama anamkana Ibilisi na kama anamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kama kwenye ubao wake kuna Ndiyo peke yake, hajaulizwa kitu. Tutakuwa tumemfundisha binamu yake kusema Ndiyo miezi sita iliyopita, nasi tumebonyeza. Ndiyo ya mtu huwa na uzito kwa sababu Hapana ilikuwepo pembeni na hakuichagua. Mungu mwenyewe hakutufunikia tundu hilo. Alimwachia Adamu uwezo wa kukataa, alimwachia yule kijana tajiri aondoke kwa huzuni, na hata malaika alipomjia Mariamu, mbingu zilingoja binti wa Nazareti ajibu. Kumpa mtu sauti ni kukubali kusikia lile usilolipenda. Mama huyu aliyasikia ya maziwa na ya maombi. Usharika nao ungepaswa kuingia katika hatari hiyo hiyo.

Siku ilipofika matundu yote yalikuwa wazi. Wenzake walijibu kwa pamoja, kwa sauti moja, kama ilivyo desturi. Zamu yake mchungaji alishuka, akasimama karibu na kiti chake cha magurudumu, akauliza, akanyamaza. Kanisa letu halijazoea ukimya. Mtoto mchanga alilia nyuma, mtu akakohoa, mabenchi yakalia. Kidole kilikwenda upande wa Hapana, kikaelea juu yake, na nikaona mama yake ameshika vidole vya bibi. Kikaondoka. Kikavuka fremu yote. "Ndiyo," kikasema kifaa, kwa sauti nzito ya kijana. Baada ya swali la mwisho hakungoja mtu. Alibonyeza mwenyewe "Amina", na watu mia kadhaa wakajikuta wanamwitikia yeye.

Wapendwa wasomaji, usharika wenu unaweza kununua kishikwambi kwa harambee ya Jumapili moja. Kama hamna uwezo huo, anzeni na kadi za picha na macho. Mtafuteni seremala, mtafuteni mpiga picha, mtafuteni kijana wa kurekodi. Mwulizeni mtoto kabla ya kumwombea. Wekeni Hapana mahali anapoifikia. Kisha fanyeni lile gumu kuliko yote, ambalo haliuzwi dukani: mkishauliza, nyamazeni. Mwaka huu mwinjilisti wetu ana wanafunzi wawili wa namna hii katika darasa lake. Akiuliza swali huweka mkono mfukoni, anahesabu kimya kimya mpaka thelathini, na kama jibu bado halijaja, anaanza tena moja.